Chupa kutoka Matemwe

Jumatatu, 4 Agosti
Nshakunywa. Kikombe kizima, chungu mpaka masikioni. Mama mkwe ananichemshia mizizi kila wiki na kunitumia maji yake ndani ya chupa kwa gari ya Matemwe, kijijini kwake. Ananilelea mwanangu Ilham huko mpaka nimalize dripu za saratani. Imebaki moja tu. Baba yake yuko Oman kikazi. Mtoto ana miaka mitatu, na miezi minne sasa sijamkumbatia. Nikinywa naona kama nimekaa nao jikoni.

Jumatano, 6 Agosti
Nnajikuna mwili mzima. Mkojo kama chai kavu. Macho manjano. Kioo nimekigeuza ukutani.

Alhamisi, 7 Agosti
Dripu imeahirishwa! Vipimo vya ini vimepanda. Daktari kasema dawa zile hupita kwenye ini, na langu limeelemewa. Akauliza kama kuna kitu chengine natumia. Nikasema hakuna. Muongo mkubwa mimi! Lakini ningesemaje? Nimtie aibu mtu anayenilelea mwanangu?
Nimelia kutoka hospitali mpaka nyumbani Mkunazini, watu wananitazama. Watazame. Mimi namtaka mwanangu, basi.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikunywa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekwenda kusema ukweli, chupa mkobani. Daktari hakunifokea. Bora angefoka. Kasema huenda ni dripu, huenda ni mizizi, huenda vyote viwili, hawezi kujua. Niiache, tupime tena baada ya wiki mbili.
Nikampigia Mama mkwe. Shikamoo, marahaba, kisha nikamwambia.
“Mie nilitaka upone, mwanangu,” akasema. Akakata. Hata sauti ya Ilham sikuisikia. Chakula kimenishinda.

Jumatatu, 25 Agosti
Vipimo vimeshuka. Dripu ya mwisho imeingia. Alhamdulillahi. Nimetapika mara tatu na sijali.

Jumapili, 14 Septemba
Mama mkwe kamleta Ilham mwenyewe. Karefuka. Nilifungua mikono, akajificha nyuma ya bibi yake, akikitazama kichwa changu kisicho nywele.
“Mama, huyu nani?” akamuuliza bibi yake.
Mama mkwe akainamisha uso. Mimi nikaumia, nikaumia sana, lakini sikumvuta. Nikakaa mkekani, nikamenya machungwa.
Baada ya sala ya alasiri Ilham kaja kukaa karibu yangu. Si mapajani. Kala vipande viwili. Watalala hapa wiki nzima.