Mto Chini ya Goti

Jumanne. Upepo umeanza mapema leo, vumbi limeingia hadi kwenye kikombe cha chai. Na mimi nimo humu humu ndani.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi nasema, mkwe wangu Mama Elia anaandika kwenye simu. Shule sikukanyaga. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Hii ni wiki ya saba tangu nipasuliwe goti. Niliteleza kwenye mfereji shambani kwangu Makutupora, kano ikakatika. Tangu hapo niko Miyuji kwa mwanangu, kwenye kochi, natazama geti. Nalichukia geti hilo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Mizabibu yangu inangoja kupogolewa, mimi naletewa maji, naletewa chakula, hadi kucha nakatwa. Nimewekwa ndani kama mwali, ila mwali ana siku yake ya kutoka.

Asubuhi tulikwenda hospitali kwa mazoezi. Yule mtaalamu, kijana mpole, akanilaza, akabonyeza goti. Halikunyooka. Chini yake ngumi inapita. Akasema tukiliacha hivi nitachechemea maisha yangu yote, na habari za shamba nizisahau.

“Bibi, nyumbani kuna mtu anakuwekea mto chini ya goti?”

“Ni mimi,” Mama Elia akadakia. “Nilitaka mama alale vizuri.”

Akaambiwa. Kwa upole, lakini akaambiwa. Mto unakaa chini ya kisigino, goti libaki hewani, lijinyooshe lenyewe. Ukiuweka chini ya goti, mguu unagandia hapo hapo. Mkwe wangu akainama, machozi yakamtoka mbele za watu.

Mimi nikajifanya natafuta ndala zangu.

Sasa andika hili, Mama Elia, usiniangalie. Siku ya kwanza, wewe ulipokwenda dirishani kufuata dawa, kijana alinionyesha. Kisigino. Nilielewa vizuri kabisa. Sikusoma, lakini mjinga si mimi. Tukarudi nyumbani, nikajaribu mara moja, maumivu yakanipanda hadi kwenye meno. Ulipokuja na mto wako ukauweka chini ya goti, nikasikia raha, nikasema asante mwanangu. Wiki zote hizi nasema asante mwanangu.

Kila siku nalalamika mmenifungia.

Nimejifungia mwenyewe.

Hapo aliacha kuandika. Nikadhani atanirushia simu.

“Mama, kumbe wewe ni mwongo hivyo?”

Nikamwambia na hilo aliandike. Ameliandika, anacheka huku anafuta kamasi. Kisha akauliza tuanze lini, kesho?

Kesho ya nini? Kisigino kiko juu ya mto sasa hivi ninapoongea, na inauma, jamani, inauma kweli. Nimemkataza kunionea huruma.

Majirani wa Miyuji, mkisikia bibi anapiga kelele mchana huu, msije kuniokoa. Nanyooka.