Mstari wa Kicheko Kwenye Bawa la Ndege

5 Agosti

Kwa Mshauri wa ukurasa wa Jumamosi,

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuijua tangu nizaliwe, na naomba unishike mkono kabla haijanifanya nitende la pili, maana la kwanza nimeshalitenda. Mimi ni mshonaji, mjane wa mwezi wa saba sasa, shule sikufika mbali, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari kwa miaka ishirini na tisa, na siku alipostaafu wenzake wa gereji walimzawadia boksi la ndege ya plastiki ya kuunganisha, ile ndege ya vita ya zamani ya kudondosha mabomu, yenye injini nne, na boksi lenyewe lilikuwa kubwa kiasi kwamba aliingia nalo mlangoni ubavuubavu kama mtu anayeingiza godoro. Nilicheka, nikamuuliza, "Mume wangu, umestaafu au umerudi chekechea?" Akajibu, "Vyote viwili. Nipishe njia."

Sasa, mshauri, ndege hiyo ilikuja na mistari ya maungio ya mabati imetuna juu kama mishipa ya mkono, na yeye akasema mabati ya kweli hayatuni, yanapokutana huacha mfereji mwembamba, na mtu aliyeshika mabati maisha yake yote hawezi kula chakula meza moja na uongo kama huo. Basi akaisugua yote kwa msasa wa maji mpaka ikawa laini kama yai, halafu akaanza kuichora upya mstari mmoja mmoja kwa sindano ya cherehani yangu aliyoichomeka kwenye mpini wa brashi, akiongozwa na utepe mgumu wa gundi, na kila mstari aliupitia mara kumi bila kukandamiza, akihesabu kwa mdomo, nami nashona huku namsikia, nane, tisa, kumi. Ndege ilikaa katikati ya meza ya chakula, yeye upande wa mkia, mimi na cherehani yangu upande wa pua, tunatazamana. Bawa aliloanza nalo lilikuwa upande wa dirisha, yeye akiliita la kushoto na mimi nikiliita la kulia, kila mtu kwa mkono wake, na ubishi huo haukuisha. "Kushoto ni kwa rubani," alikuwa akisema. "Basi rubani aje anishonee hizi sare," nami namjibu.

Siku moja mchana, akiwa anakaribia kulimaliza bawa hilo, alinisimulia habari ya bosi wake wa zamani aliyeegemea gari lenye rangi mbichi na kofia yake ikabaki imeganda mlangoni, nikacheka mpaka nikaigonga meza kwa goti, sindano ikateleza na kukata mstari wa mshazari, mrefu kama kidole changu cha shahada, karibu kabisa na injini ya nje. Nikamwambia azibe kwa puti, ule ujiuji mzito wa kujazia mikwaruzo ya magari. Akautazama, akapuliza vumbi, akasema, "Huu unakaa. Hapa ndipo ulipocheka." Na ile milango ya tumboni, ya kuangushia mabomu, aliigandisha kwa gundi, akasema nyumbani kwake hakianguki kitu. Bawa la pili alifika nusu tu. Akaugua siku nne, siku ya tano hakuamka.

Alikuwa na rafiki, fundi saa, ambaye sote tunamwita Sekunde, kwa sababu ukimwahidi saa nne ukafika saa nne na dakika moja anakunyooshea saa yake bila kusema neno. Baada ya mazishi alikuja akasema, "Shemeji, nipe hii ndege nimmalizie mwenzangu." Na hapa naungama kwamba nilimwambia aichukue, aipeleke mbali, sitaki kuiona, maana kila nilipoketi kwenye cherehani pua ile ilinitazama, na upande wa pili hakuna mtu.

Wiki tatu zilizopita nilimpelekea suruali niliyompunguzia kiuno, akanikaribisha kwenye chumba chake cha kazi kwa furaha, akasema niione ndege. Mshauri, ndege yote ilikuwa ya kijivu, imepakwa rangi ya chini, na mistari imenyooka kama imepigwa na mashine. Nikamuuliza, "Ile ya mume wangu iko wapi?" Akasema, tena kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Shemeji, marehemu alikuwa mtu wa nyundo. Mistari yake ilikuwa inayumba. Nimeziba yote kwa puti nikaichora upya. Kuna mahali hata sindano ilimponyoka, fikiria, karibu na injini, aibu tupu. Sasa haionekani." Halafu akaifungua ile milango ya tumboni niliyokwambia, alikuwa ameikata, na ndani amepanga mabomu kumi na mawili kama mayai kwenye trei. Akanionyesha na kadi ya onyesho litakalofanyika ukumbi wa maktaba mwisho wa mwezi huu, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba imeundwa na yeye, na chini, kwa herufi ambazo ningehitaji miwani, "kwa kumkumbuka rafiki."

Nilimkabidhi tu suruali yake. Mimi si mtu wa kupaza sauti, hata mteja akinirudishia gauni mara tatu huwa namwambia sawa. Alipotoka kwenda kuijaribu suruali nilibaki peke yangu na ndege ile, iko kwenye rafu, pua imeelekea ukutani na mkia umeelekea kwangu, na kwa kuwa mabawa yanachomekwa na kuchomoka ili ipite mlangoni, mkono wangu ukaenda wenyewe, nikalichomoa bawa la mkono wa kulia, lile langu, nikalizungushia kitambaa nikalitia kwenye mfuko wa vitambaa, dhiraa nzima ya bawa, nikaaga kabla hajarudi mle ndani, nikaondoka nikitembea taratibu kama mtu aliyebeba mtoto.

Nimelisugua kwa msasa wa maji alasiri tatu mfululizo, kwa vidole vyepesi kama nilivyomwona marehemu akifanya. Mistari yake imeanza kuonekana chini ya ile rangi kama makovu, lakini imeishia nusu, kutoka katikati mpaka nchani hakuna hata mmoja, na ule wa kicheko haupo kabisa. Sekunde ameufuta mpaka kwenye mzizi. Hapo ndipo hasira ilipogeuka kuwa kitu kingine, natamani kuirudia ile nyumba nikavunje kilichobaki.

Lakini kuna jingine. Juzi alikuja mama anayemfanyia Sekunde usafi, analeta blauzi ya kupanuliwa mabega, akanieleza kwamba amesimamishwa kazi mpaka bawa lipatikane. "Miaka sita nafuta vumbi mle ndani," akasema, "saa zake mia na ushee sijawahi kuangusha hata moja, leo naambiwa nimetupa bawa. Au nimelila?" Mimi pini nimezibana mdomoni, nikashukuru kwamba zipo. Ameniambia pia kwamba Jumatatu ya tarehe kumi na nane Sekunde anapuliza rangi mwili na bawa lililobaki, huku akitengeneza lingine la mbao. Wifi yangu nilipomgusia tu habari za puti alinikata, "Wifi, mtu kamheshimu kaka yangu, wewe unanuna kwa ajili ya mikwaruzo." Hawezi kuelewa, na mimi sijui kueleza.

Je, nilirudishe bawa nionekane mwizi, au nilitie motoni na nimwache Sekunde aende kwenye onyesho lake na ubao? Naomba unijibu mapema. Barua yangu ikiwa chini ya nyingine nyingi, unikumbuke.

Mimi mshonaji, mwenye hasira

JIBU

Dada yangu mshonaji, pole. Pole ya kwanza ni ya mume na ya pili ni ya puti, na ya pili nakupa kwa hasira kama yako. Sekunde hakuimalizia kazi ya mwenzake, aliisahihisha, na marehemu hakuwa mwanafunzi wake. Mtu aliyefunga mlango kwa gundi alikuwa na sababu, na rafiki wa kweli angeuliza kabla ya kushika kisu. Mabomu kumi na mawili katika tumbo ambalo mwenyewe aliligandisha akisema nyumbani kwake hakianguki kitu. Hata mimi nimekunja ngumi.

Sasa nakugeukia wewe. Ulimpima mama wa watu mabega, ukamsikiliza akilia kazi yake, kisha ukamwacha aondoke na kosa lako mgongoni. Upole gani huo? Mteja akikurudishia gauni mara tatu unasema sawa, na mwanamke asiye na hatia akisimamishwa kazi kwa ajili yako pia unanyamaza. Ukimya wako si upole, dada, ni uoga, na sasa anaulipia mtu mwingine. Na huyo Sekunde, ulimkabidhi ndege ukamwambia tu aipeleke mbali. Yeye aliona mkwaruzo. Nani alimwambia kwamba ni kicheko? Mwenye kujua alikuwa mmoja tu aliyebaki, naye alifunga mdomo siku ya kwanza, akaufunga tena ndani ya chumba cha kazi, pale ambapo neno moja tu lingetosha.

Hayo nimekugombeza. Sasa nisikilize vizuri, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kijiko nikakifanya ndege na njiti mbili za kiberiti zikawa mabawa, mhariri ananitazama kama nimepata wazimu.

Nyumbani kwako uliketi upande wa pua. Bawa lenye mstari wako lilikuwa kulia kwako. Kwa Sekunde, pua ilielekea ukutani, wewe ukasimama upande wa mkia. Ukitazama ndege kutoka mkiani, bawa lile lile linahamia kushoto. Mkono wako ulikumbuka kulia, ukachomoa la kulia, na la kulia la pale ni lile la pili, ambalo mumeo alifika nusu. Ndiyo maana mistari yake imeishia katikati. Hakuna aliyeifuta nusu hiyo, mumeo hakuwahi kuichora. Umesugua alasiri tatu ukitafuta kicheko kwenye bawa ambalo hukulichekea.

Bawa lako liko kwenye ile rafu, na keshokutwa Jumatatu linapulizwa rangi.

Na wewe, mke wa fundi bodi kwa miaka yote hiyo, hukumbuki puti inafanya nini? Inajaza, haifuti. Mstari uliokatwa kwa sindano unabaki umekatwa chini yake, unasubiri mtu autoboe. Ungemuuliza fundi yeyote wa gereji ile angekujibu huku akiendelea kupiga nyundo.

Basi usilitie kitu motoni. Leo ni Jumamosi, na ukurasa huu ukiusoma asubuhi una muda wa kutosha. Anza kwa yule mama wa usafi, umpitie kwake, umwambie ukweli mlangoni kabla hajakukaribisha, na akikutukana pokea, ni haki yake. Kisha nendeni wote wawili kwa Sekunde na bawa mkononi, bila mfuko, bila kitambaa. Sema mbele yake kwamba ulilichukua wewe, na kwamba huyu mama anarudi kazini leo na kuombwa radhi leo. Nawe umwombe Sekunde radhi kwa bawa, mara moja, bila kuzunguka. Akianza kukunyooshea saa yake, usisubiri amalize. Mwambie habari ya kofia ya bosi, goti lako na meza, na maneno ya mumeo neno kwa neno. Ukishindwa kusema, mpe gazeti asome. Mtu wa sekunde anaelewa kwamba kuna dakika moja ambayo hairekebishwi.

Mwambie mabomu yatoke na milango ifungwe kwa gundi. Kadi iandikwe upya, jina la mumeo juu na lake chini, herufi sawa, asiyeona avae miwani. Nusu ya bawa la pili aliyoichora Sekunde mwenyewe aiache, ni kazi yake na ameifanya vizuri, hilo nalo mwambie, halitakupunguzia kitu. Akikataa yote, lichomoe bawa lako mbele ya macho yake, mchana kweupe, uondoke nalo, na kama atauliza ni nani aliyekutuma mpe jina la ukurasa huu.

Lakini akikubali, usikae kwenye kiti cha wageni. Simama upande wa mkia, pale alipokuwa akikaa mumeo, na unyooshe mkono wa kushoto. Ule ubishi, dada, alikuwa sahihi yeye. Chukua sindano ya cherehani yako, tafuta karibu na injini ya nje, na usikandamize. Hesabu kwa mdomo kama alivyokuwa akihesabu. Ukifika kumi, unikumbuke.