Kitumbua cha Kwanza ni cha Mpita Njia

Seven Hills, Sydney
Jumapili, mwezi wa sita. Leo ni miaka sita na miezi minne tangu niondoke Tanga.

Dada yangu Rehema,

Salamu nitazifupisha, maana najua hujazitaka salamu zangu tangu mwezi wa kumi na moja. Simu hupokei, na sikulaumu. Naandika kwa mkono kwa sababu barua haikatwi katikati kama simu. Hata ukiichana utakuwa umeshasoma mistari miwili. Mwandiko utanisamehe. Unajua shule niliishia kidato cha pili, na huku kalamu naishika siku ya kutia sahihi tu.

Sijawahi kukueleza kazi ninayofanya. Uliniuliza mara nyingi nikakujibu "kiwandani", ukaona nakuficha. Kweli nilikuwa nakuficha, kwa aibu. Nimevuka bahari yote hii, Dada, kuja kupika vitumbua.

Si vyetu, ni vya Kijapani. Mwenye kiwanda ni mama mtu mzima anaitwa Keiko, mfupi kama Mama, na kama Mama haongei mpaka mikono iwe na kazi. Tunapika mikate ya kwao ya kumimina kwenye chuma cha moto, tunaigandisha, magari yanakuja kubeba kupeleka mahotelini na madukani. Mimi nilidhani mkate wa kumimina ni mmoja, ukiujua umeujua. Wao wana ukoo mzima. Kuna mkubwa wa chumvi, okonomiyaki: kabichi nyingi iliyokatwa nyembamba, mayai, unga kidogo wa kushikanisha, na juu vipande vya nyama. Nyama yenyewe ni ya nguruwe. Siku ya kwanza Keiko aliniuliza kama kuna kitu siwezi kushika, nikamwambia, basi meza ile akampa Deo, Mburundi ninayefanya naye kazi. Kuna mji mwingine kwao hawachanganyi, wanapanga: unga chini, mwembamba kama chapati ya maji, kabichi, tambi, halafu yai. Keiko anasema watu wa miji hiyo miwili wanabishana mpaka leo upi ndio wenyewe.

Ya sukari ni mingi zaidi. Dorayaki ni vitumbua bapa viwili vidogo vya rangi ya asali vilivyobanana, katikati maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Deo alipoonja alitafuna kwa muda, akaniuliza, "Mzee, hii maharage iliwakosea nini?" Taiyaki ni samaki. Chuma kimechongwa umbo la samaki na magamba yake, unamimina unga, unaweka maharage yaleyale tumboni, unafunga. Samaki hana mwiba wala harufu. Halafu ipo minene kama keki, ya ute wa yai uliopigwa mpaka ukasimama. Ukigusa sahani inatetemeka kama shavu la mtoto mchanga. Hiyo haigandishwi. Inapikwa Jumamosi kwa watu wanaokuja wenyewe mlangoni, na mteja akizubaa kidogo inanywea.

Na kuna yangu mimi, takoyaki. Chuma chake, Dada, ni chuma chetu. Vishimo vilevile vya mviringo, mistari ileile, weusi uleule. Siku nilipokwenda kuomba kazi, Keiko alinipa kijiti cha chuma chenye ncha ili anione ninavyogeuza. Nikakishika kama tulivyokuwa tukishika ile spoki ya baiskeli. Kuna wawili walijaribu kabla yangu wakararua. Mimi nilipita mstari wa kwanza bila kurarua hata kimoja. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, kwa mama yangu. Akasema njoo kesho.

Ndani wanatia pweza. Ndiyo, pweza. Nakusikia unavyocheka, au ulivyokuwa ukicheka zamani.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa moja. Keiko alinipa ndoo ya unga uliokorogwa tayari, akasema ulale mpaka kesho, kisha akaenda zake. Hakusema ulale wapi. Mimi najua unga unalala wapi. Nikafunika, nikavua koti langu nikaifunga ndoo, nikaiweka nyuma ya friza kubwa, pale mashine inapopumua moto, kama ulivyokuwa ukiweka sufuria karibu na jiko na kuifunga kanga yako kuukuu. Asubuhi nikafunua nikitegemea umeumuka. Haukuumuka, wala hamira haukuwa nayo. Ulikuwa na mayai na supu ya samaki. Ulinuka mpaka Deo akafungua milango yote miwili.

Keiko akaja, akatazama ndoo, akatazama koti langu. "Kwa nini umeivisha nguo?"

"Kwetu unga unalala kwenye joto."

"Wetu unalala kwenye baridi," akasema. Akaenda kumwaga mwenyewe. Aliporudi akanipa koti lake la ziada, kwa sababu langu halikuvalika tena. Nakuambia haya ili umjue ni mtu wa namna gani, maana nina jambo la kukuambia juu yake.

Kwanza nikukumbushe asubuhi moja. Wewe ulikuwa umeshamaliza shule, mimi bado darasa la sita. Kazi zetu unazijua: wewe kusaga mchele na kukamua tui, Mama kumimina, mimi kugeuza. Na kitumbua cha kwanza kutoka chumani Mama hakukiuza wala hakutupa tukile. Alikiweka kwenye mfuniko, akasubiri mtu wa kwanza kupita barazani, yeyote, akampa. Hakuwa anachagua. Mlevi alipata, mwalimu alipata. Asubuhi ile aliyetokea kwenye kona ni Bi Saumu wa nyumba ya pili, na tangu aazime kinu chetu akirudishe kimepasuka alikuwa hasemi na Mama, miezi mitatu, hata msibani walikaa wamepeana migongo.

Wewe ulimnong'oneza Mama, "Ngoja apite mwingine."

Mama akasema, "Chuma hakijui ugomvi." Akanyanyuka na mfuniko.

Bi Saumu akasimama, mikono nyuma. "Mimi napita tu."

"Na mimi nakupa kwa sababu unapita tu."

Akakipokea, akakila palepale amesimama, akakimaliza. Akajifuta vidole. "Iliki mmeibania."

"Basi kirudishe."

"Nimeshameza."

Mama alikuwa wa kwanza kucheka, ukafuata wewe, nawe ndiye uliyetaka apite mwingine. Hakuna aliyetaja kinu. Kesho yake Bi Saumu alipita mapema kuliko siku zote, na keshokutwa, mpaka Mama akasema huyu sasa amehamia.

Sasa jambo lenyewe. Siku ulipopiga simu kwamba Mama hatunaye tena, ilikuwa mchana huku, niko kwenye chuma. Uliniambia, nikakuambia nimesikia. Kisha nikageuza mstari uliobaki, kimoja kimoja, mpaka mwisho, nikavipanga kwenye trei, ndipo nikavua glavu. Sijui kwa nini nilimaliza. Ningeviacha vingeungua, nadhani niliwaza hivyo tu.

Jioni nilikuambia tajiri amenikatalia ruhusa. Nikakuambia ni mwanamke mgumu, hajui msiba. Najua mlimlaani. Shangazi alinitumia sauti amemwombea dua mbaya yeye na kiwanda chake.

Si kweli, Dada. Keiko aliniambia nenda. Aliniambia kabla sijaomba. Alikuwa ameshamwita Deo ashike meza yangu. Mimi ndiye niliyekataa. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado ofisi ya uhamiaji, na niliambiwa nikitoka nchini kabla hazijajibiwa naweza nisiruhusiwe kurudi. Nikapima Mama upande mmoja na karatasi upande mwingine, nikachagua karatasi. Kisha nikaona kukuambia hivyo ni vigumu, nikamtwika mwanamke asiye na kosa.

Ukaniambia, "Kama kazi ndiyo mama yako, kaa na mama yako." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Yalikuwa ya haki, na ulikuwa bado hujajua kweli yenyewe.

Keiko alinipa mapumziko. Siku ya pili nikarudi kazini, kwa sababu chumbani sikujua nikae vipi. Kwao nao wana jambo lao kwa waliokufa. Aliniuliza kama anaweza kutoa takoyaki ya kwanza akaiweka kwenye kisahani dirishani kwa ajili ya mama yangu. Nikamwambia kwetu cha kwanza hawekewi aliyekufa, anapewa anayepita njia. Akafikiri. Hapa tulipo ni viwanda mtindo mmoja, hapiti mtu kwa miguu. Hata hivyo akainua lile lango la bati, tukasimama mimi, yeye na Deo, na kisahani. Mtu wa kwanza kutokea alikuwa dereva wa mitungi ya gesi, jitu lenye kaptula na mabuti. Akauliza ndani mna nini.

"Pweza," nikamwambia.

"Saa moja hii ya asubuhi?"

Deo akamwambia, "Kula tu, bosi. Iko ya mama yake."

Akala. Ikamuunguza ulimi, maana zile ndani ni moto kuliko nje, akarukaruka pale kama anakanyaga mkaa. Akashukuru, akashusha mitungi yake. Tangu siku ile tunafanya hivyo kila asubuhi, na yule dereva amejifunza kupuliza. Ni Bi Saumu wa huku.

Wengine walicheka siku ile. Mimi niliona kuwa ni jambo la kuchekesha, lakini kicheko hakikuja. Hivyo ndivyo nilivyo, Dada, miezi saba sasa. Sisemi nina huzuni, huzuni ningeijua. Ni ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Unauona ni wako, unaukanyagia, lakini hausemi kitu. Sijalia. Nilidhani nitalia siku ya arobaini yake, haikuwa. Naonja unga kila siku kwa sababu ya kazi, najua huu umezidi chumvi na huu umepungua, lakini ni kujua tu. Mwezi uliopita niliegemeza kiganja kwenye chuma, Deo ndiye aliyenivuta mkono. Akasema, "Mzee, wewe uko wapi?" Nilikuwa palepale.

Karatasi zimetoka. Zilikuja kwenye bahasha ya kawaida, nikaiweka juu ya friji siku nne kabla ya kumwambia mtu. Keiko alipojua alileta keki zile zinazotetemeka, tukala tukiwa tumesimama. Akaniuliza, "Sasa utakwenda?" Nikasema ndiyo. Akanisafishia chuma kimoja kidogo cha zamani, cha mkono, niwaletee. Nikamwambia chuma tunacho. Akasema anajua, nipeleke tu.

Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Pongwe, ni nesi, anakaa Liverpool, ile ya hukuhuku Sydney. Ndiye aliyeniambia kwamba bado unapika, barazani palepale, na chuma ni kile cha Mama. Alisema alipokuwa likizo alipita asubuhi ukampa kimoja ukakataa malipo, naye akadhani umempenda sura. Nikajua alikuwa wa kwanza.

Mwambie Shangazi ile dua airudishe, au aielekeze kwangu. Wewe sikuombi unisamehe. Nikikuomba utalazimika kujibu, na mimi kwa ganzi hii sijui kama nitahisi chochote, liwe jibu lolote. Nimetaka tu ujue ni nani aliyekataa.

Nitaondoka hapa Jumatano ya wiki ya pili ya mwezi wa nane. Tanga nitafika Ijumaa jioni. Sitakuja nyumbani jioni hiyo. Nitalala nyumba ya wageni karibu na stendi. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitapita mbele ya baraza. Sitapiga hodi. Nitatokea ile kona ya Bi Saumu, nitatembea upande wa pili wa njia, mwendo wa kawaida. Akinitangulia mtu, mpe yeye, ni haki yake. Mimi nitapita Jumapili. Na ukiniona ni mimi wa kwanza ukataka kungoja apite mwingine, sitasimama kukutazama.

Ila ukinipa, nitakila palepale nimesimama, nikimalize. Na habari ya iliki sitaisema.

Mdogo wako,
mgeuza vitumbua