Nyuzi za Gunia Kwenye Boneti

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Misunkumilo wazima, mpunga umekubali, na bibi yako bado ananicheka.

Unauliza mtoboe wapi boneti ya gari lenu la mashindano ili injini isichemke. Umemuuliza bingwa! Ujanani niliinua boneti ya pikapu upande wa kioo cha mbele, nikaacha mwanya joto litoke. Nikaringa hadi Sitalike, ikachemka kuliko mwanzo. Bibi yako, wakati huo abiria tu, akachomoa nyuzi za gunia, akazifunga kwenye ule mwanya.

"Haya, dereva maarufu, endesha tuone."

Nyuzi zote zikaingia ndani.

"Baba we, upepo unaingia hapo!" bibi yako akacheka. "Joto litatokaje?"

Nikafunga mwanya, nikaazima patasi, nikatoboa boneti sehemu ya mbele, nyuma kidogo ya rejeta, naye akahamishia nyuzi hapo. Nyuzi zikarukia nje, tukafika Mpanda bila kuchemka. Hewa ikitokea hapo, hata pua ya gari inatulia chini kwenye kasi.

Boneti mnayo moja tu, kwa hiyo anzeni na tundu dogo na uzi. Bibi yako amekuwekea nyuzi humu. Mimi nakutumia majigambo, ninayo ya kuwatosha wote.

Babu yako, dereva maarufu