Jiko Halijafa

Mwanangu,

Nampeleka bibi yako hospitali. Ukirudi, fungua madirisha yote, na usithubutu kuwasha mkaa ndani.

Asubuhi aliteleka sufuria yake ya alumini kwenye jiko jipya la umeme, isipate moto. Akadhani jiko limekufa, akawasha mkaa humo jikoni, mlango kaufunga. Nimemkuta kalegea sakafuni, hajui hata mimi nani.

Jiko ni zima. Ni la aina inayopasha sufuria inayonasa sumaku tu. Jaribu na ile sumaku ya friji chini ya sufuria. Ikinasa, pikia hiyo.

~~Njoo hospitali.~~ Bakia hapo, mdogo wako asikute nyumba tupu.

Teksi imefika. Bibi kafumbua macho, kaniambia, “Mkwe, umevaa viatu viwili tofauti.”

Kanijua, mwanangu!

Mama