Dume Aliyeganda

Jumatatu, 6 Februari 1984

Treni ya alfajiri kutoka Bredäng ninakopanga, viatu vimelowa theluji. Nimepiga deki chumba cha ndege wa Doktari Ingrid, mtafiti wa chuo. Wako wawili tu, wavumaji, vile vindege vinavyofyonza maua, wa milima ya Ekwado, kule juu hata miti haioti. Usiku chumba hupoozwa kiwe kama kwao. Dume nimemkuta kijitini anapolala, baridi, mgumu kama ukuni. Jike amejificha, sikumtafuta. Nikamtia dume kwenye mfuko, mfuko kwenye friza, nikaandika katika daftari la chumba: amekufa. Sheria ndiyo hiyo. Kisha mbio hadi Vällingby kufagia maduka. Mgongo unaniua.

Jumatano, 8 Februari

Doktari amerudi safarini. Hakugomba. Amesikitika tu, anadhani nilimkuta dume sakafuni, kama aangukavyo ndege aliyekufa. Halafu akanieleza habari za hawa ndege. Usiku hung'ang'ania kijiti, huzima miili yao wasife njaa. Hupoa, hukakamaa, ukiwagusa utasema mzoga. Kukipambazuka huamka.

Nilishika ufagio, nikashindwa kufagia.

Alhamisi, 9 Februari

Mimi, mtoto wa Kinangop! Kwetu mwanakondoo akikutwa ameganda kwa jalidi, mama hakuruhusu azikwe kabla hajalazwa karibu na moto. Alisema aliye baridi hajafa, afe kwanza akiwa na joto. Wangapi waliinuka wakalilia maziwa! Huyu sikumpa hata dakika tano, kisa treni.

Nimemwambia Namusoke, Mganda ninayefanya naye kazi. Anasema ninyamaze. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu, na ndege ni ndege tu. Labda alikuwa amekufa kweli. Natamani sana iwe hivyo.

Ijumaa, 10 Februari

Nimefungua friza. Nilimtia amekunja mabawa. Sasa yamefunguka. Moja limegandamana na plastiki.



Jumatatu, 13 Februari

Nimemwambia Doktari yote, na mabawa pia. Najionea aibu. Alivua miwani, akaifuta.

"Mkataba siwezi kukuahidi," alisema. "Lakini usingesema, mfagiaji mwingine angemtia hata huyu jike frizani."

Namusoke ananiita mjinga. Pengine ni kweli. Nimechoka mno kubishana.

Jumanne, 14 Februari

Jike nimemkuta kijitini, baridi, mgumu vilevile. Nikageuza ndoo, nikaikalia. Treni ya Vällingby imeondoka bila mimi. Watanikemea, wacha wanikemee.

Saa moja na nusu kulipambazuka dirishani. Manyoya ya shingo yakatikisika kidogo. Kisha mwili mzima ukatetemeka. Jicho likafumbuka, likanitazama.

Nikaandika daftarini: jike ni mzima. Nikarudi ukurasa wa wiki iliyopita, nikakata lile neno amekufa. Juu yake nikaandika: aligandishwa akiwa hai. Nikatia sahihi yangu.