Jino la Kwanza la Mwende

Kibwezi, Jumatano, Novemba 1986

Limetoka. Asubuhi nikimlisha Mwende uji, kijiko kiligonga kitu. Nikapitisha kidole kwa ufizi. Jino linakwaruza kama mchanga, na rangi yake ni ya chai ya rangi.

Kama yangu.

Baba Mwende aliponichumbia nilimwambia meno yangu yaliharibiwa na maji ya chumvi ya kisima cha kwetu Kambu. Akaamini. Nilipopata mimba akajenga tangi, akafunga mifereji kwenye paa la mabati, ili mtoto wake anywe maji ya mvua tu.

Lakini kaka yangu alilelewa na shangazi kule Tulia. Hakuwahi kuonja maji ya Kambu, na meno yake yanamegeka vilevile, kama ya mama yetu. Nilijua. Nilinyamaza tu.

Jioni mama mkwe amepita. “Huyu bado hajaota jino?”

“Bado, mama.”

Akanywa maji ya tangi, akayasifu, mpaka nikatamani kumnyang’anya kikombe.

Jumamosi Baba Mwende anarudi kutoka kazini Mombasa. Akiingia nyumbani, hata kabla ya kuvua viatu, humchekesha mtoto mpaka ufizi wote uonekane.